Homa Ndogo ya Mtoto



Somo letu la mwezi huu ni habari ya mtoto mdogo mwenye homa isiyo kali. Twaliandika hasa kwa ajili yenu ninyi walimu, kwa sababu ninyi ndio mwitwao kwanza nyumbani, na mara nyingi usiku, wakati baba yuko ziwani na taa za kuvulia dagaa, naye mama ameketi peke yake na mtoto ambaye mwili wake wawaka moto. Aitwaye namna hiyo huombwa kusali, naye huombwa shauri pia. Basi yafaa awe na shauri lililo jema.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu neno homa lina maana mbili. Mtu akisema, "Mtoto ana homa," pengine ataka kusema ya kwamba mwili wake una joto kupita desturi. Pengine ataka kusema ya kwamba ameshikwa na malaria. Kwa kuwa neno ni moja, watu wengi hudhani ya kwamba joto likishuka, ugonjwa nao umekwisha. Sivyo hata kidogo. Joto ni ishara tu. Mwili wenyewe huliwasha joto hilo unaposhindana na vijidudu vilivyouingia, na ubongo ndio uamuao kiasi chake. Mama ampaye mtoto wake dawa ya kushusha joto amempa raha, naye amefanya vema. Lakini kile kilicholeta joto bado kimo ndani. Kwa hiyo kuna kazi mbili. Kazi ya nyumbani ni kumtuliza mtoto na kumlinda asikaukiwe na maji. Kazi ya zahanati ni kupima damu, ili ijulikane ni nini kilichomshika. Nazo huku kwetu zapaswa kwenda pamoja siku ile ile. Moja haiwezi kushika mahali pa nyingine.

Je, twajuaje ya kwamba ana homa? Mama huweka mkono wake juu ya kipaji cha uso au tumboni. Mkono wa mama si wa kudharauliwa. Mara nyingi hutambua ya kwamba liko joto, ila hauwezi kusema ni kiasi gani. Tena hudanganyika. Mtoto aliyebebwa mgongoni ndani ya kitenge mchana, au aliyelala karibu na jiko, mwili wake utakuwa wa moto naye si mgonjwa. Mfungueni, mkamweke kivulini muda wa robo saa, ndipo mkampime. Kipimajoto chauzwa katika maduka ya dawa Kigoma mjini, nacho si ghali kwa kadiri ya kazi yake. Na mahali ambapo nyumba moja haiwezi kukinunua, nyumba kumi zaweza. Hutiwa kwapani, mkono wa mtoto ukashikwa ubavuni hata kipimo kitoe sauti. Joto la mtoto mzima kwapani ni digrii 36.5 hata 37.5 hivi. Likifika 37.5 na kupita, ameanza homa. Likifika 38.5, hiyo ni homa kali.

Walakini tusiitumainie hesabu hiyo peke yake. Mtoto wa digrii 39 anyonyaye vema, atazamaye watu na kutaka kucheza baada ya kupewa dawa, huenda hali yake ni njema kuliko mwenzake wa digrii 38 aliyelegea kama kitambaa, asiyeligeukia titi. Mwangalieni mtoto kabla ya kukiangalia kipimo.

Yako mambo ambayo yakionekana hapana kungoja, hata kama joto ni dogo namna gani. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Atapikaye kila kitu apewacho. Aliyeshikwa na degedege. Alalaye mno hata ni shida kumwamsha. Ambaye shingo yake imekakamaa. Ambaye viganja vyake na midomo vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa na damu. Apumuaye kwa haraka au ambaye kifua chake chadidimia chini ya mbavu avutapo pumzi. Habari ya pumzi yataka kuhesabiwa, wala si kukisiwa. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo ya kifua, tazama saa, ukahesabu dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, na mtoto wa mwaka 1 hata 5 akivuta mara 40 au zaidi, huenda ana ugonjwa wa mapafu, naye apelekwe. Na mtoto mchanga asiyetimiza miezi 3, homa yo yote kwake ni sababu ya kwenda hospitali mara moja. Mtoto wa umri huo hana "homa ndogo". Hata aliyepoa kupita kiasi, akawa baridi, huenda ni mgonjwa sana.

Sasa tuseme habari za nyumbani, kwa mtoto asiye na dalili hizo.

Mvueni nguo nyingi. Desturi yetu ni kumfunika mwenye homa kwa mablanketi kwa kuwa atetemeka, nasi hufanya hivyo kwa upendo. Lakini nguo nzito hulifungia joto ndani. Nguo moja nyepesi yatosha, na dirisha liwe wazi. Akiona baridi, mfunikeni shuka moja. Wengine hukosea upande wa pili, humwogesha kwa maji baridi ya ziwa au kumpangusa pombe kali. Ngozi hupoa upesi, lakini ndani mwili hutetemeka ukatafuta joto zaidi, na mtoto huteseka bure; nayo pombe hupenya ngozi yake ikamdhuru. Akitaka kuoga, na aoge kwa maji ya uvuguvugu kwa ajili ya usafi na raha, basi. Na kumpaka mawese mwilini hakuna dhara kwa ngozi, wala hakuondoi homa. Bali msimtie mawese wala mafuta mengine puani, maana yakiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza.

Mpeni kunywa. Hili ni kubwa kuliko dawa. Mwenye homa hupoteza maji kwa pumzi na kwa jasho, na mtoto mdogo hana akiba. Aliye chini ya miezi 6 anyonye tu, tena mara nyingi kuliko desturi, usiku na mchana. Aliyepita umri huo anyonye, apewe na maji yaliyochemshwa yakapoa, na uji mwepesi, kidogo kidogo kwa kijiko. Maji ya ziwa letu ni maangavu hata mtu aweza kuona mawe chini. Lakini uangavu si usafi, na kipindupindu kimetutembelea mara nyingi katika pwani hii. Yachemsheni. Tazameni mkojo: mtoto akojoaye mara chache, na mkojo ukawa wa rangi nzito, hajanywa vya kutosha. Asipotaka chakula kigumu siku ya kwanza msimlazimishe, akinywa yatosha.

Dawa ya kushusha joto ni parasetamoli. Hutolewa mtoto anapoteseka kwa joto au maumivu. Aliye na joto kidogo naye acheza haihitaji, wala aliyelala hapaswi kuamshwa kwa ajili yake. Kipimo hufuata uzito, si umri: miligramu 10 hata 15 kwa kila kilo 1 ya mtoto. Basi mtoto wa kilo 10 apewe miligramu 100 hata 150. Kidonge cha watu wazima kina miligramu 500. Robo yake ni 125, nayo yamfaa huyo. Uzito wa mtoto umeandikwa katika kadi yake ya kliniki, ndiyo sababu kadi haipaswi kutupwa wala kufungiwa maandazi. Kati ya kipimo na kipimo zipite saa 6, wala visizidi 4 katika usiku na mchana mmoja. Kama ni dawa ya maji, someni karatasi ya chupa mjue kila kijiko kina miligramu ngapi, maana chupa hazifanani. Na kijiko ni kile kilichokuja na dawa, si cha jikoni. Tena angalieni jambo hili: parasetamoli huuzwa kwa majina mengi, nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mama akitoa ya jina hili, na bibi akatoa ya jina lile, mtoto amepewa maradufu, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Mtu mmoja katika nyumba ashike kazi ya dawa, aandike saa aliyoitoa.

Aspirini msimpe mtoto kabisa. Tangu mwaka 1963 matabibu wameandika habari za ugonjwa uharibuo ubongo na ini la watoto, na baadaye ikaonekana ya kwamba huwapata hasa watoto waliopewa aspirini katika homa ya mafua au ya tetekuwanga. Mwaka 1986 Uingereza iliwakataza watoto wa chini ya miaka 12 dawa hiyo.

Hayo ndiyo ya nyumbani, nayo karibu yote yangefaa katika nchi yo yote. Lakini mama wa Ulaya aliyefanya hayo huambiwa, Ngoja siku mbili au tatu, utazame. Shauri hilo kwao ni jema. Kwetu sisi si jema, na wasomaji wetu waliokwisha kuona shauri la namna hiyo katika vitabu vya kigeni wapaswa kujua sababu.

Pwani yetu imejulikana kwa homa tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipofika ziwa hili mwezi wa Februari 1858, Burton alikuwa amechukuliwa na watu kwa kuwa miguu yake haikuweza kumbeba, naye Speke alikuwa karibu kuwa kipofu. David Livingstone alinyang'anywa sanduku lake la dawa mwezi wa Januari 1867, mchukuzi alipotoroka nalo, akakaa miaka bila kwinini. Na Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alimkuta mtu aliyekondeshwa na magonjwa. Siku zile watu walidhani ya kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1880 Laveran, tabibu Mfaransa, aliviona vijidudu katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Na mwaka 1897 Ronald Ross akaviona ndani ya mbu huko Bara Hindi. Tangu hapo twajua kilicho cha kutafutwa, na mahali pa kukitafuta ni katika damu.

Na huku kwetu hupatikana kwa wingi. Mwaka 2017 damu ya watoto wa miezi 6 hata miaka 5 ilipimwa katika mikoa yote ya Tanzania. Kwa nchi nzima, watoto 7 hivi katika kila 100 walionekana wana malaria. Katika mkoa wa Kigoma walikuwa 24 hivi, wengi kuliko mkoa wo wote mwingine; na katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro hawakufika hata mmoja. Basi mama wa Moshi na mama wa Ujiji wanaposhika mkono kipaji cha uso chenye joto lile lile, hawashiki jambo moja. Malaria ya kwetu, kwa mtoto asiyefika miaka 5, yaweza kutoka katika homa ndogo ya asubuhi hata kuwa ugonjwa wa kufisha kesho yake. Ndiyo maana twaambiwa apimwe siku ile ile, au isipite saa 24.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kidole huchomwa, tone moja la damu hutiwa katika kibao kidogo, na baada ya dakika 15 hata 20 jibu huonekana. Zahanati za vijijini zinacho. Neno moja ambalo wengi hawalijui: kipimo hicho huweza kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu hutambua mabaki ya vijidudu. Kwa hiyo mwambieni mwuguzi ikiwa mtoto alitibiwa malaria mwezi uliopita.

Akionekana anayo, atapewa dawa ya mseto, ambayo tangu mwaka 2006 ndiyo dawa ya kwanza ya malaria nchini. Sehemu yake moja hutoka katika mmea wa Kichina, na bibi Tu Youyou aliyeigundua alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hunywewa mara 6 katika siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Nayo huingia vizuri katika damu ikifuatana na chakula chenye mafuta. Hapo mawese yetu yana kazi, tone katika uji au mboga, na kwa mtoto mchanga maziwa ya mama yatosha. Akiitapika kabla ya nusu saa kupita, apewe tena kipimo kile, na kilichopungua kikaombwe zahanati. Siku ya pili mtoto atacheza, nanyi mtashawishwa kuweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya ndugu yake. Msiviweke. Vijidudu vilivyobaki vitaamka.

Akionekana hana malaria, msinung'unike wala msinunue dawa ya malaria dukani kwa kujifariji. Homa ina sababu nyingine: mafua, sikio, mapafu, mkojo, surua. Mwombeni tabibu amtazame tena.

Imebaki habari ya degedege, nayo ndiyo inayowaua watoto kwa hofu ya wazee wao. Mtoto hukakamaa, macho hugeuka juu, mikono na miguu hurukaruka. Wengi husema ni ndege mbaya au pepo, wala si kazi ya hospitali. Na wengine huongeza ya kwamba mtoto huyo akichomwa sindano atakufa. Huko Bagamoyo uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi watoto hawa walivyofukizwa moshi wa mavi ya tembo na kukojolewa kabla ya kupelekwa hospitali. Twaweza kuelewa kwa nini imani ya sindano ilidumu: mtoto aliyecheleweshwa siku mbili hufika akiwa karibu na kufa, huchomwa sindano, hufa, na sindano ndiyo ilaumiwayo.

Walimu, mkiitwa kwa mtoto wa namna hiyo, sala yenu isimzuie mtu kufunga mzigo wa safari. Mlazeni kwa ubavu juu ya mkeka ili mate na matapishi yatoke nje. Ondoeni mawe na moto karibu naye. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, wala maji, wala dawa, msimshike kwa nguvu, msimfukize. Tazameni saa. Kwa watoto wa miezi 6 hata miaka 5 joto lenyewe laweza kuleta degedege, ambalo mara nyingi hukoma kabla ya dakika 5 na haliachi dhara. Lakini hapana mtu awezaye kulitofautisha kwa macho na lile litokalo katika malaria ya ubongo au ugonjwa wa uti wa mgongo. Kwa hiyo hata likikoma, na mtoto akaamka akataka titi, apelekwe saa ile ile.

Hapo ndipo tunapofikia shida ya pwani hii. Mtu wa Ujiji au Mwanga aweza kufika hospitali ya Maweni kwa muda mfupi. Mtu wa Kagunga au Kalya mara nyingi yampasa mashua, na mashua zote usiku ziko ziwani. Mama husema, "Nitamngoja baba arudi alfajiri," kwa sababu hana fedha mkononi, tena aogopa kulaumiwa ameondoka bila ruhusa. Naomba akina baba wasikie jambo hili wakati watoto wao ni wazima. Kabla ya kwenda kuvua, mwambie mkeo wazi, mbele ya mama yako, ya kwamba mtoto akiugua asingoje. Mwachie nauli mahali anapopajua. Wavuvi wa ufuko mmoja wakubaliane mashua gani itabaki pamoja na mafuta yake, na jirani yupi ataitwa. Siku za mwezi mpevu, ambapo nyavu hupumzika, ni siku nzuri za kukaa na kusemezana hayo.

Na kwa kuwa tumetaja nyavu: chandarua kilichotiwa dawa hutolewa kwa ajili ya kitanda cha mtoto. Nimekwisha kuviona vimeshonwa pamoja na kukokotwa majini kuvua dagaa wadogo. Najua njaa ni kali. Lakini vijitundu vyake hunasa hata samaki wachanga ambao wangekuwa mavuno ya mwakani, na usiku ule mtoto hulala wazi.

Mwendapo zahanati, chukueni kadi ya kliniki, na karatasi mliyoandika saa za homa na za dawa. Chukueni na mabaki ya kila dawa aliyopewa, hata kama ni mizizi ya bibi, wala msione haya kuitaja. Tabibu hawezi kupima vema akifichwa. Njiani mama azidi kumnyonyesha. Na kabla ya kutoka mwulizeni mwuguzi siku ya kurudi. Naye asipoitaja, rudini baada ya siku 2 kama homa ingaliko, au saa yo yote mtoto akikataa kunywa.